Mwaka Niliokuwa Karani wa Ndege

Fundi Zakaria amefariki, na kwa kuwa wanaoweza kunisuta wameshatangulia karibu wote, nadhani sasa naweza kuueleza ule mwaka tulioishi na ndege. Taarifa niliipata kwa simu kutoka kwa binti yake, Editha, Jumapili asubuhi, nikiwa navaa viatu vya kwendea kanisani. "Mama, baba ametutoka," alisema, nami nikampa pole kama mtu yeyote anavyotoa pole, kisha nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni mpaka ibada ikaisha bila mimi. Jirani yangu alipokuja kuniangalia alidhani nalia kwa ajili ya urafiki wa zamani. Urafiki ulikuwepo, sikatai. Lakini palikuwa pia na neno moja nililokusudia kumwambia Fundi kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila mwaka nililiahirisha kama mvivu anavyoahirisha palizi, nikijiambia msimu bado mrefu.

Lazima nianze na kiwanja. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa upande wa Nyakahura, na pembeni yake palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege, ambacho wanakijiji walikisawazisha kwa majembe yao wenyewe ili ndege ya daktari iweze kutua na kuchukua wagonjwa mahututi. Ndege hiyo ilikuja mara moja kwa miezi miwili, pengine mitatu. Siku nyingine zote kiwanja kilikuwa chetu sisi wanawake, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipo tambarare, pakavu, pasipo kivuli hata cha kijiti. Tulianika makopa pale. Ukisimama kwenye mwinuko wa shule uliona mihogo yetu imetandazwa kwenye majamvi kutoka mwanzo wa kiwanja hadi mwisho, na mbuzi wakiivizia. Wala ndege ya daktari haikutusumbua, kwa kuwa ilikuwa na adabu zake. Ikifika ilizunguka kijiji mara moja, chinichini, na sisi tukatoka mbio kila mtu na jamvi lake, tukicheka na kusukumana. Ilipomaliza kuzunguka, kiwanja kilikuwa kitupu. Hakuna aliyetufundisha mpango huo, na rubani wala hakuwahi kulalamika. Kwa akili yetu ndivyo ndege zote duniani zilivyotua: kwanza inabisha hodi, halafu inaingia.

Vita ilipoanza kule kaskazini, ndege za kijeshi zilipita juu yetu, nasi tukafundishwa na mgambo kwamba ukisikia mngurumo ukimbilie shambani ulale kifudifudi. Tulijifunza vizuri. Siku ninayotaka kuieleza, mngurumo uliposikika wenzangu wote walikimbia, wengine wakaacha hata kanga zao. Mimi nilikuwa na majamvi mawili ya makopa, na mvua ilikuwa imetunyima jua wiki nzima. Ule ndio uliokuwa mchana wa kwanza wa kukausha. Nikaiona ndege mbali, iko chini sana, nikajua inataka kutua. Nikasema moyoni, itazunguka kwanza, muda ninao. Sikukimbilia shamba. Nilikimbilia majamvi yangu, katikati ya kiwanja.

Haikuzunguka. Baadaye tulikuja kuambiwa kwamba tangi lake lilikuwa limetobolewa huko ilikotoka na mafuta yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo isingeweza kuzunguka hata kama ingetaka. Nilikuwa nimeinama nikikunja jamvi la pili, nikainua uso, nikamwona rubani kwenye kioo. Mtu ataniambia haiwezekani, ndege ya namna ile ina kasi mno. Basi haiwezekani, lakini nilimwona, na hadi leo namwona kila ninapofumba macho kusali. Alikuwa kijana, mdomo wazi, anaonekana kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Akaivuta ndege pembeni kunikwepa. Gurudumu la kushoto likatoka kwenye kiwanja, likagonga kichuguu, mguu wa gurudumu ukavunjika, na ndege ikalala ubavu na kuserereka hadi kwenye majani marefu. Vumbi lilipotulia, unajua nilifanya nini? Nilimaliza kukunja jamvi langu. Nikajitwisha makopa yangu nikaondoka nayo hadi nyumbani. Rubani walimtoa akiwa hai. Alifia kwenye lori kabla hawajafika hospitali ya Biharamulo.

Jioni ile balozi wa nyumba kumi, Mzee Bigirwa, aliitisha watu wake. Alikuwa mtu mfupi aliyezoea kuongea huku akijikuna kiwiko. "Sikirizeni," alisema. "Sisi tuliambiwa tukarare shambani, tukarara. Aliyerara kifudifudi haoni kitu. Au kuna mtu hapa aliyerara chari?" Watu wakacheka kidogo. Hakunitazama hata mara moja, na hapo nikajua kwamba alijua. Wakati ule, mtu akisemekana kaizuia ndege ya vita isitue, hakuna ambaye angeuliza habari za makopa. Angeitwa msaliti, na kijiji chote kingeitwa pamoja naye. Siku ya pili mgambo walikichimba kile kichuguu wakakisawazisha, na mvua ikamalizia kuosha alama za magurudumu. Kiwanja kikafagiliwa, na kwa muda hakuna mwanamke aliyeanika kitu pale.

Wanajeshi walikuja, wakang'oa mizinga na vitu vyote vya hatari wakaondoka navyo, kisha wakaja wakubwa wawili wakaizunguka ndege mara tatu na kusema kwamba haitaruka tena, imestaafu. Kijiji kililipenda sana neno hilo. Wazee waliulizana kilabuni wakinywa pombe yao ya rubisi kama ndege nayo hupewa kiinua mgongo. Wiki mbili baada ya ajali akaletwa Zakaria, fundi wa ndege, Msukuma mrefu wa miaka ishirini na nane, ili aifungue kipande kwa kipande, kila chenye kufaa kifungwe na kupelekwa kambini. Alihitaji mtu wa kuandika namba na jina la kila kifaa kwenye daftari na kukifungia kibandiko. Mwenyekiti wa kijiji akanitaja mimi kwa sababu nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipofika mara ya kwanza nikasema, "Shikamoo, Fundi," naye akacheka akiwa amelala chini ya bawa. "Marahaba, lakini usinizeeshe, dada. Kuanzia leo wewe ni karani wangu."

Nitasema kweli, na mwenye kutaka kunihukumu anihukumu: sijawahi kuwa na mwaka mzuri kama ule. Nimeolewa, nimezaa, nimekuwa mtunza ghala wa ushirika, nimeheshimiwa. Lakini nikiulizwa niliishi lini, jibu langu ni chini ya lile turubai. Fundi alilitandika juu ya miti minne kulifunika tumbo la ndege, na ndani yake palinuka mafuta ya taa, maana mafuta ya ndege ile yalinuka hivyo hivyo, na jua lilipita kwenye matundu ya turubai likatuwekea madoa mgongoni. Zakaria aliifungua ndege kwa upole. Kabla ya kulegeza nati aliipangusa kwanza kwa kitambaa, akaiwekea tone la mafuta, akaiacha ipumzike wakati sisi tunaongea. "Ukimlazimisha atakukatikia mkononi," aliniambia. "Na huyu ni mstaafu, lazima umheshimu." Alinifundisha spana za kila namba mpaka nikawa namkabidhi kabla hajaomba. Alinifundisha kugonga bati la ubavuni kwa kifundo cha kidole na kusikiliza palipolegea. Mpaka leo nagonga masufuria dukani, na wauzaji wananiona kichaa.

Alilala kwenye kijumba cha mlinzi wa kiwanja, chumba kimoja chenye kitanda cha kamba, na ukutani alitundika koti la rubani. Hakulirudisha pamoja na vitu vingine. Yeye na yule marehemu walikuwa marafiki. Alisema rubani alikuwa na tabia ya kula karanga chumbani mwa ndege, na kwamba yeye, Zakaria, alimgombeza kila siku kwa sababu ya maganda. Tulipofungua kiti cha rubani tulikuta maganda hayo, mengi tu, yamejificha kwenye upenyo wa reli ya kiti. Aliyakusanya kiganjani. Nikauliza, "Haya niyaandike, Fundi?" Akafumba kiganja. "Andika: maganda ya karanga, yasiyo na namba." Nikaandika.

Chakula nilimpikia mimi, kwa agizo la mwenyekiti. Ugali wa muhogo, maharage, mara nyingine dagaa. Msimu wa senene nilimkaangia senene, na yeye alijifanya kuwaogopa kisha akamaliza bakuli. Sasa, unga ule ulitoka wapi? Ulitoka kwenye yale majamvi mawili. Nilikuwa nimeyatwanga makopa yale yale, maana chakula ni chakula na kijiji kilikuwa na njaa. Alikata tonge, akaligeuzageuza, akasema, "Karani, muhogo wenu huku ni mweupe. Mnaukausha wapi ukawa mweupe hivi?" Nikamwambia, juani. Akala hadi akalamba vidole. Mimi nilikula nyumbani siku hiyo, au niseme sikula.

Na alichokuwa akitafuta muda wote huo si vifaa. Vifaa tungevimaliza kwa miezi minne. Alikuwa akitafuta kosa lake. Alinieleza katika mwezi wetu wa pili wa kazi, akiwa amenipa mgongo. Asubuhi ya safari ile alibadilisha bomba dogo la mafuta mekundu yanayoushusha na kuufunga mguu, kwenye mguu wa kushoto, ule ule uliovunjika. Alipofika kwenye nati ya mwisho aliitwa kwenye ndege nyingine, akarudi, akafunga kifuniko. "Sikumbuki kama niliikaza," alisema. "Naikumbuka spana mkononi. Naikumbuka sauti ya aliyeniita. Kukaza sikumbuki." Kama bomba lilivuja, mguu haukujifunga sawasawa, na kama haukujifunga ulikunjika wenyewe ulipogusa ardhi. Sehemu yenyewe ilikuwa imepondekapondeka, haisomeki. Akaanza kuuchambua mguu ule upya, kila wiki, kila nati, kana kwamba moja itamwambia. Nami nilimmulikia tochi. Nilimshikia bakuli la nati. Mara nyingine alisimama ghafla katikati ya kazi akauliza, si mimi, si mtu yeyote, "Nilikaza au sikukaza?"

Siku moja alikwenda mtoni kuoga, akaniacha nipanguse ndani ya tundu ambamo gurudumu la kushoto hujificha ndege ikiwa angani. Nikaingiza mkono hadi kwenye kwapa, vidole vikagusa kitu kilichokwama nyuma ya bomba. Nikakivuta. Vilikuwa vipande vitatu vya makopa na uzi wa ukindu kutoka kwenye jamvi. Gurudumu lilikuwa limepita juu ya mihogo iliyoachwa na mwenzangu mmoja kabla ya kutoka kiwanjani. Nilisimama navyo mkononi. Hiyo ndiyo barua aliyokuwa akiitafuta: hakuna aliyeweza kuviona vile asiulize mihogo ilifanya nini kwenye njia ya ndege, na rubani alikuwa akimkwepa nani. Nikamsikia anarudi, anapiga mluzi. Uzi nikaufutika kwenye kanga. Makopa nikayatia mdomoni yote matatu.

"Unatafuna nini, Karani?"

"Muhogo."

"Mchoyo wewe! Nigawie."

"Umekwisha, Fundi."

Akanitania kwamba wanawake wa Biharamulo hula wakiwa wamejificha. Nilitafuna makopa yale makavu yenye ladha ya grisi nikayameza, na koo langu likachubuka hata nikashindwa kuongea hadi siku ya pili. Aliniletea maji ya moto yenye chumvi nisukutue. Alikuja nayo nyumbani mwenyewe, kwenye kikombe chake cha bati, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza.

Mwaka ulipokaribia kwisha vita ilikuwa imekwisha, na ndege yetu ilikuwa imebaki mbavu tu. Ikaja habari kwamba wakubwa wale wawili watarudi kufunga faili, na kwamba fundi aandae maelezo yake ya maandishi kuhusu chanzo cha ajali. Zakaria aliniita chini ya turubai saa nne asubuhi. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikaa juu ya sanduku, mimi nikakaa juu ya gurudumu la kulia, na akaniuliza kwa namna ambayo hakuwahi kuniuliza kabla. "Dada Leokadia, balozi ameniambia watu wote walilala shambani. Lakini huwa kuna mtu anainua kichwa. Wewe ni mtu wa kuinua kichwa, nakujua. Niambie tu. Mguu ulikunjika kabla ndege haijatoka kiwanjani, au baada?"

Nilimtazama. Alikuwa na doa la jua kwenye paji la uso. Alikuwa ameshanifungulia mlango. Nilitakiwa kupita tu. Nikasema, "Kabla."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Asante," alisema. "Ulikuwa unanionea huruma mwaka mzima, sivyo? Mimi ningekuwa wewe nisingeweza kusema. Asante sana." Akachukua daftari, akaandika kwa mkono wake kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa fundi, akasaini. Wakubwa hawakuwa watu wabaya, nadhani walimhurumia. Lakini mtu akishaandika hivyo hawezi kukabidhiwa ndege nyingine, na hata wangempa asingeigusa. Hakurudi kwao. Alivuka kwenda Ngara, akakaa Murukulazo, akatengeneza baiskeli na mashine za kusaga. Nilikutana naye mnadani mara saba au nane katika maisha yetu, na kila mara alipiga kelele toka mbali, "Karani wangu!" Akamtumia mume wangu salamu, akaniuliza habari za watoto. Kila mara nilisema, leo. Kisha nikanunua chumvi nikarudi nyumbani.

Nilikwenda Murukulazo siku ya pili baada ya simu ile. Nilichukua kanga mbili na shuka, kwa kuwa matanga kwa mtu kama yule ni ya kulala siku tatu. Tulimzika saa nane. Baada ya maziko Editha alikuja kukaa nami nyuma ya jiko, akiwa na ungo wa maharage ya wageni, akawa anachambua huku anaongea. Ana kidevu cha baba yake. Aliniambia kwamba baba hakuwahi kugusa breki za gari la mtu, hata alipobembelezwa, hata njaa ilipokuwa ndani ya nyumba. Kwamba alikaza nati za mashine ya kusaga, akaenda kulala, akaamka akarudi kuzikaza tena. Mwishoni, akiwa mgonjwa, mkono wake ulizunguka hewani kama ameshika spana. "Mama, wewe ulikuwepo," Editha alisema. "Kweli alisahau kukaza?"

Nikamwambia. Sikuacha kitu: majamvi, uso kwenye kioo, kichuguu, makopa niliyoyameza, lile neno moja nililosema chini ya turubai. Editha hakuacha kuchambua. Alipoona nimemaliza aliuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?" Nikasema kumi na tisa. "Baba angekusamehe siku ile ile," akasema. "Unamjua. Angekusamehe, na angelala usingizi. Kwa nini hukumwambia?"

Nilikuwa na jibu langu tayari, nililolitunza miaka yote: niliogopa, ilikuwa vita, wangesema ni usaliti, na balozi alikwisha kukataza. Lakini vita ilipokwisha hofu ile ilikwisha nayo, na mimi nikaendelea kunyamaza. Nikasema kilichobaki. "Ningemwambia, kazi ingekwisha siku hiyo. Angejua alichokuwa akikitafuta, angefunga mizigo, angeondoka. Nami nilikuwa na furaha, mwanangu. Sikuwahi kuwa na furaha vile. Niliitaka iendelee."

Editha alipepeta ungo, akatoa mawe mawili, akayatupa. Ndani wanawake walikuwa wakiimba. Kisha akaniambia, kwa sauti ya adabu kabisa, bila kuniangalia, kwamba basi la mwisho la kupitia Nyakahura hupita barabarani saa kumi, na kwamba nikianza kutembea sasa nitaliwahi.